Maneno ya Papa Amisi Mdomoni Mwangu

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu. Herufi zinapanda na kushuka kwa sababu ncha za vidole vyangu bado hazisikii vizuri. Dawa ilivifanya vidole kama vimevaa soksi. Na mahali nilipokosea kuandika neno, lisomeni kama mngelisikia likisemwa. Shule yangu iliishia darasa la sita, kule kambini Kigoma, na tangu tulipofika Durban sikuingia tena darasani. Kiingereza na Kizulu nimevipata saluni, nikisuka nywele za watu. Naandika polepole, nafuta sana.

Sista wa kliniki ndiye aliyeniomba niandike, kwa ajili yenu mnaoanza sasa, mnaosema Kiswahili na kukaa kwenye viti vile vya bluu bila kujua kinachokuja. Alitaka niwaambie kwamba inawezekana kupona. Inawezekana. Mimi nimepona, au ndivyo daktari anavyosema. Lakini siwezi kuliandika hilo peke yake, kwa sababu kiti kilichokuwa kando ya changu kilikuwa na mtu, na mambo yaliyompata yeye na wakili wake bado yamenikaa kifuani.

Ugonjwa wangu ulianza na uvimbe shingoni, chini ya sikio, mgumu kama kokwa. Ulikuwa mwezi wa kumi na mbili, saluni imejaa, kila mtu anataka rasta za Krismasi, nikaufunika kwa kitambaa. Nilipolala nililowesha shuka kwa jasho, tukasema ni joto la Durban. Nilijikuna mpaka miguu ikatoka damu, Mama akanipaka mafuta ya maombi. Mwishowe nilishindwa kusimama mpaka kichwa kimoja kiishe. Dada Solange, mwenye saluni iliyoko Overport, alinifungua kitambaa mbele ya kioo, akatazama, akasema, "Riziki, hii si chunusi. Kesho usije kazini. Nenda hospitali."

Wengi wenu mnajua jinsi inavyokuwa kwetu. Mtoto ndiye anayejua lugha, basi mtoto ndiye anayepokea habari kwanza, hata zikiwa habari zake mwenyewe. Daktari alisema, akinitazama. Mama hakumtazama daktari, alinitazama mimi.

"Amesema nini?"

"Amesema ni saratani, lakini hii inatibika."

Mama alinisogelea. "Hiyo 'lakini' ameisema yeye, ama umeiweka wewe?"

"Ameisema yeye, Mama."

Aliisema kweli. Lakini tangu siku ile kila neno la daktari nililompelekea Mama alilipima kwanza, kama anavyopima samaki wa chumvi anaowauza pale Isipingo karibu na stendi ya teksi, akinusa kama wameharibika.

Dawa ya kwanza ilikuwa Februari. Mnafika kabla jua halijawa kali, mnakaa, mnasubiri damu ipimwe, mnasubiri faili, mnasubiri kiti. Kuna dawa moja nyekundu, msiogope mkienda chooni na kuona mkojo umekuwa kama juisi. Chukueni limau, kipande kimoja cha kunusa, kwa sababu harufu ya sabuni ya sakafu itawashinda. Mdomo utakuwa na ladha ya sarafu. Nywele zangu zilianza kutoka baada ya dawa ya pili. Mimi ambaye kazi yangu ni nywele nilizikuta kwenye beseni, nikamwaga maji haraka Mama asione, na Mama alikuwa amesimama mlangoni.

Mdogo wangu aliacha kuleta rafiki zake nyumbani. Mama aliacha kuuza siku za dawa, akakaa nami kwenye kiti cha mbao, mkoba mapajani, akisinzia. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Ningependa angelalamika mara moja, nami nipate mahali pa kuweka aibu yangu.

Papa Amisi nilimjua kwa sauti kabla ya uso. Nilikuwa natoka chooni nikisukuma ile nguzo ya dripu, magurudumu yakienda upande, na mtu nyuma yangu akasema kwa Kiswahili, "Rudi kidogo. Rudi. Kata kushoto. Hapo. Sharp." Kazi yake ilikuwa kulinda magari kwenye maegesho ya maduka huko Queensburgh, na alikuja kliniki amevaa fulana yake ya njano inayong'aa, akisema vinginevyo manesi hawatamwona. Aliwaongoza watu wote pale ndani, hata daktari mkuu. Alikuwa mtu wa kanisa letu, mjane, watoto wake wako Uvira. Saratani yake ilikuwa imeingia kwenye mifupa. Yeye hakuja kutibiwa apone, alikuja kupunguziwa maumivu, na maumivu hayakupungua. Alipokaa alijishusha kama mtu anayeingia kwenye maji ya moto.

Wakili alikuwa wake kabla ya ugonjwa. Ni mama mmoja wa Kihindi, ofisi yake iko Overport juu ya duka la vitambaa. Watu wetu walimwita Maître, jina la heshima la wakili kwa Kifaransa, kwa sababu alishughulikia karatasi za ukimbizi za nusu ya kanisa, pamoja na za Mama yangu. Papa Amisi alimwita kliniki baada ya dawa yangu ya tatu. Alikuja na mkalimani wa kiapo, aliyeapishwa kutafsiri mahakamani, mwanamume anayeimba kwaya yetu. Tulikuwa nje kwenye benchi, upande wa kufulia. Yule mkalimani aliposikia jambo lenyewe ni nini, alifunga begi lake. "Mimi mdomo wangu siutii hapo," alisema, akaondoka. Ndiye aliyempelekea pasta habari.

Papa Amisi hakushtuka. "Riziki iko hapa," alisema. "Riziki atanisemea."

Wakili aliniuliza umri wangu. Nikasema kumi na tisa. Akasema naweza kukataa. Nilikubali. Watu wanadhani nilikubali kwa ujasiri. Mimi ni mtu wa aibu, na kukataa kunahitaji sauti kubwa kuliko kukubali.

Nilianza kwa kusema, "Anasema kwamba." Wakili akanisimamisha. Alitaka niseme kama anavyosema mwenyewe, kwa "mimi", nisijiweke katikati. Basi Papa Amisi akasema, nami nikasema kwa Kiingereza changu cha saluni: "Mimi sina haraka ya kufa. Lakini siku nitakaposema basi, nataka daktari anisikie, na asifungwe kwa kunisikia. Nenda ukawaombe majaji."

Wakili alimuuliza kwa njia nyingi. Kuna mtu anakusukuma? Ni kwa sababu huna wa kukuuguza? Ukipata dawa nyingine ya maumivu utabadili neno? Papa Amisi alijibu yote, mwisho akachoka.

"Mwambie aache kuniuliza kama mtoto aliyeiba sukari."

Hilo nalo nililitafsiri. Wakili alicheka, akafuta macho, akaandika. Kesi ilifunguliwa, na aliiomba mahakama ifiche jina langu.

Sasa nifike kwenye dawa ya nne, kwa sababu sista aliniambia nisiwadanganye. Sikuweza kushusha hata maji. Midomo ilipasuka, mifupa ya miguu iliuma kama inatolewa mmoja mmoja. Mama alikuwa amelala kwenye kiti chake, kitambaa kimeteleza kichwani. Nilijikuta nasema yale maneno kwa Kiingereza, polepole, yote, kuanzia "mimi". Hayakuwa tena ya kutafsiri. Yalinienea vizuri.

Papa Amisi alikuwa kwenye kiti cha kando. Hakujua Kiingereza, lakini aliyajua kwa mlio wake.

"Wewe," alisema. "Ile maneno ni yangu. Usiibe."

"Nimechoka, Papa."

"Najua. Sikiliza. Gari yangu mimi imekufa engine. Gari yako iko nzima, imezibwa tu. Huyo aliyeziba mbele atatoka. Wewe kaa ndani, funga mlango, ngoja."

Nilikaa ndani. Sijui namna nyingine ya kuwaeleza nilivyopita siku zile.

Kisha habari ya kesi ikatoka, na hasira ya watu nayo. Mwanzo ilikuwa redio, watu wakipiga simu. Kisha picha ya wakili ikaingia kwenye simu zetu, na chini yake maneno "muuaji wa wakimbizi". Mtu alimwaga rangi nyekundu kwenye mlango wa ofisi yake. Watu walienda mmoja mmoja kuchukua faili zao. Nilikuwa nimerudi saluni siku ambazo nilikuwa na nguvu, nafagia tu maana vidole havikuweza kusuka, nikasikia mteja mmoja akimwambia Dada Solange, "Eish, yule mama ataanza na wazee. Kesho wagonjwa. Keshokutwa ni sisi wote wenye karatasi zilizoisha." Wote waliitikia.

Hofu ile siidharau. Mji huu una watu wanaotuambia kila siku turudi kwetu. Mtu akitaja sheria ya kumsaidia mgonjwa afe, sisi tunasikia kama tumeitwa kwa majina.

Lakini walichosema zaidi ni hiki: kwamba Papa Amisi alidanganywa. Hakujua Kiingereza, wakili alimwekea maneno. Na huyo mkalimani wa kufichwa hayupo, maana angekuwepo angekuwa mtu wetu, na mtu wetu hawezi kusema jambo kama lile. Mama alikuwa katika wanawake wa maombi, na kati yao hakuna aliyekuwa na ukali kama wake. "Huyo mkalimani angekuwa mbele yangu ningemtemea," alisema akinipozea uji. Nilikunywa uji.

Papa Amisi alikufa mwezi wa saba, asubuhi ya baridi yenye jua, kabla majaji hawajasikiliza lolote. Hakufa kama alivyoomba. Alikufa akilia kwa Kibembe, lugha ambayo pale wodini hakuna aliyeijua, hata mimi. Nilipokwenda kwa dawa yangu kiti chake kilikuwa na kijana mwenye kofia ya timu ya mpira, akinisalimia.

Kanisa lilimzika vizuri. Wakili alikuja na maua, na wanawake wetu walimzuia kwenye geti la makaburi, Mama akiwa mbele. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye gari na blanketi. Wakili aliniona kupitia kioo. Angenyoosha kidole tu, angesema huyo hapo mkalimani, na watu wote wangegeuka. Alinitazama kama mtu asiyenijua, akarudi na maua yake.

Dawa ya mwisho ilikuwa Agosti, upepo ukipeperusha karatasi uwanjani. Kisha picha za ndani ya mwili, kisha kusubiri. Daktari alisema hakuna kitu kinachoonekana. Nilimwambia Mama, naye safari hii hakuuliza nani kaweka neno gani. Alikaa chini sakafuni, palepale kwenye korido.

Mnajua desturi yetu: aliyepona hasimulii nyumbani tu. Anasimama kanisani kutoa ushuhuda, amevaa kitenge kipya, na watu wa kwao wamevaa sare naye. Mama alishona vyetu kwa kitambaa kimoja. Wiki ileile wazee wa kanisa walikuwa wameandaa malalamiko ya kupeleka kwa wakubwa wa mawakili, ili yule mama afutwe asifanye kazi tena. Majina yalikuwa yanakusanywa. Pasta aliona mambo mawili yanakutana vizuri.

Alinipa kipaza sauti. Nilimshukuru Mungu, madaktari, masista, Mama. Watu walipiga vigelegele. Ndipo pasta akasema, "Binti yetu alikaa na marehemu miezi. Atusaidie, maana Jumatatu tunapeleka malalamiko. Binti, Papa Amisi alijua Kiingereza?"

"Hapana."

"Mmesikia, kanisa. Hakujua."

"Ni mimi niliyemsemea."

Sauti yangu ni ndogo, na watu wa nyuma hawakusikia. Mama mmoja akauliza, "Anasema nini?" Ikabidi nirudie, na kurudia ndiko kulikokuwa kugumu.

"Ni mimi mkalimani. Hakudanganywa. Aliulizwa sana mpaka akakasirika. Alisema mwenyewe, mimi nikasema alichosema."

Pasta alitabasamu, si kwa ubaya. "Dawa zile ni kali, zinachosha kichwa. Tumwombee dada yetu." Akachukua kipaza sauti mkononi mwangu taratibu, kwaya ikaanza. Yule mkalimani wa kiapo aliimba akitazama viatu vyake. Niligeuka kwa Mama. Alikuwa amesimama katika sare yetu, mdomo umefungwa.

Nyumbani hakunena mpaka alipokuwa anachambua maharage. Alichambua kwa muda mrefu, maharage safi yasiyo na kitu.

"Na wewe," alisema. "Uliyataka hayo kwa ajili yako?"

Ningeweza kusema hapana. "Siku moja, Mama. Dawa ya nne."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa hapo. Ulikuwa umesinzia."

Aliweka sinia chini. Hakulia. Hilo ndilo linaloniamsha bado, kwamba nilimpa mama yangu kitu hicho akibebe, kiti kile cha mbao na usingizi wake mdogo, wakati ndio usingizi pekee alioupata mwaka ule.

Jumatatu asubuhi alivaa viatu vya kanisani. "Twende kwa wakili wako," alisema. "Nina maneno naye, na Kiingereza sina. Utanisemea."

Mlango wa ofisi ulikuwa umesuguliwa, lakini wekundu ulibaki kwenye mifereji ya mbao. Wakili alikuwa peke yake, hata msichana wa mapokezi hakuwepo. Alituvutia viti. Mama hakukaa.

"Mwambie," Mama alianza, "na useme kama ninavyosema, usipunguze. Huyu ni mtoto wangu. Ulimwona hana nywele. Ulimwona hana nyama. Watu wazima walikataa kutia mdomo wao pale, wewe ukachukua mdomo wa mtoto mgonjwa ukausemesha kifo. Watu wanakusema kwa ajili ya yule mzee. Mimi ya mzee naiacha, mzee alikuwa na akili zake. Mimi nakuuliza ya huyu."

Nilisema yote. Nilisema "mtoto wangu" nikijionyesha kifuani. Nilitaka kuongeza kwamba nilikubali mwenyewe, lakini haikuwa zamu yangu, mimi nilikuwa mdomo tu.

Wakili aliweka kalamu chini. Kisha akasema, nami nikamgeukia Mama, nikasema kwa "mimi" kama nilivyofundishwa: "Una haki. Nilikuwa na haraka kwa sababu yeye hakuwa na siku. Nilimwona mtoto wako kama sauti. Sikumtazama. Hapo nilikosea, na sina la kujitetea."

Mama alinitazama mimi kana kwamba ni mimi ninayeomba msamaha. Labda ilikuwa hivyo.

"Mwambie jina langu silitii kwenye malalamiko ya kanisa," alisema mwishowe. "Ni uongo. Lakini faili yangu naitaka."

Wakili aliinuka, akaitafuta, akampa kwa mikono miwili. Alimkumbusha siku ya kwenda kuongeza muda wa karatasi. Tulipofika mlangoni Mama alisimama, akasema kwa sauti ya chini, bila kumtazama mtu, "Wa watu wamekufa, wangu amebaki, na kila asubuhi ninashukuru hivyohivyo, naona raha. Ni kitu gani hiki ndani yangu?"

"Amesema nini?" wakili aliuliza.

Nilikuwa na Kiingereza cha kutosha. "Anasema kwaheri," nilijibu.

Wazee walipeleka malalamiko yao siku hiyohiyo. Mimi nilipeleka maneno yangu kwa wakubwa haohao baadaye, na jina langu, na sasa wote tunasubiri uamuzi. Wanawake wa maombi hawaji tena kwetu. Mama anauza peke yake, sehemu yake ileile, na mimi nimeanza kusuka mistari mikubwa, ile midogo vidole bado havijaiweza. Nywele zangu zimerudi, laini kama za mtoto. Kila nikifika kliniki kwa kupimwa nakaa mbali na kile kiti.

Ninyi mtakaosoma hapo mkisubiri faili, wengi wenu mmewasemea baba na mama zenu kwa daktari, au mmejisemea wenyewe. Niandikieni. Kiswahili chochote, mwandiko wowote, hata mstari mmoja, mwachieni sista kwenye meza ya mapokezi, atanipa. Sitaki mniambie kama nilifanya vizuri. Niambieni ni neno gani mlilolibakiza bila kulitafsiri, na mnakaa nalo vipi.